Usiue prosesi ya mtu kwa kuangalia IDLE peke yake

Mimi naangalia seva ya linux ambayo wanafunzi wengi wanaitumia kwa pamoja hapa Dodoma, na Jumatatu asubuhi kilio ni kile kile, seva nzito, memori imejaa, ukipiga w, amri inayoonyesha nani yupo ndani ya seva, unakuta watu wapo tangu Ijumaa. Mtu kafungua R, programu ya takwimu, kapakia data yake yote, umeme ukakatika geto kwake Ng'ong'ona ndo basi tena, harudi.

Zamani nilikuwa naangalia safu ya IDLE kwenye hiyo w tu, nikiona siku mbili napiga kill -9, amri ya kuua prosesi (programu inayoendeshwa) kwa nguvu. Siku moja nikaua prosesi ya dada mmoja aliyekuwa anaendesha modeli ya mvua za Kongwa kwa ajili ya utafiti wake, saa arobaini za kazi zikapotea na hakuna kitu kilichokuwa kimesevu. Alikuja ofisini macho mekundu, hakugomba hata kidogo, na hilo ndo liliniuma zaidi.

Jamani, ile IDLE inahesabu muda tangu mtu aguse kibodi, haijui kama prosesi inafanya kazi au la. Siku hizi napiga ps -u jina -o pid,stat,time,rss,cmd, nasubiri dakika kumi napiga tena. TIME, yaani muda wa CPU iliyotumia, ikiongezeka, hiyo ipo kazini, iache. Ikiwa imeganda palepale na stat ni S, imelala, haili CPU ila angalia RSS maana ndo inakushikia memori. Hapo namtafuta mwenyewe kwenye grupu la WhatsApp kwanza, asipojibu napiga kill ya kawaida, ile inatuma signali 15 ambayo programu inaweza kuipokea na kujifunga vizuri, -9 haipi nafasi hiyo kabisa kwa hiyo iwe ya mwisho. Zile zenye stat Z achana nazo, zishakufa tayari, memori hazili, mtafute mzazi wake, yaani prosesi iliyoziwasha.

Kwa waliokatikiwa na umeme, weka ClientAliveInterval 300 na ClientAliveCountMax 3 kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH wanayoingilia, laini iliyokufa inakatwa baada ya kama robo saa bila kumgusa aliye hewani. Ila KillUserProcesses=yes ya logind, kinachosimamia watu kuingia na kutoka, usiiwashe kimyakimya, mtu akilogauti inaondoka na tmux na nohup zake zote, zile za kuacha kazi iendelee akitoka, labda uwe umempa loginctl enable-linger, ruhusa ya kazi zake kubaki, na aziwashe kwa systemd-run --user --scope. Mimi niliwatangazia wiki mbili kabla, na yule dada alikuwa wa kwanza kuwekewa.