Kabla ya kuzima kompyuta kwa nguvu, jaribu Ctrl+F1

Mwaka wangu wa kwanza kwenye saiba pale Kondele, nilizima kompyuta kwa nguvu mara nyingi kuliko stima ya Kisumu ilivyotuzimikia. Mashine zetu ni kuukuu, ndiyo maana tuliziwekea Debian, mfumo wa Linux, yenye Xfce, eneokazi jepesi linaloonyesha na kupanga madirisha.

Siku moja mama muuza samaki alileta daftari la chama chake nimpigie hesabu: wanachama 22, michango ya wiki 11, kurasa zinanuka omena. Nikiwa kwenye LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu, nikabonyeza Ctrl+F2 nichague fomula. Kufumba na kufumbua, kila kitu kimetoweka, imebaki rangi ya bluu tupu.

"Mwanangu, pesa za watu ziko wapi?"

Nikashikilia kitufe cha kuwasha hadi mashine ikakata roho. Sikuwa nimehifadhi kitu. Tukaanza upya, mama akisoma majina nami nikichapa, na sikuwa na uso wa kumdai hata shilingi.

Kumbe hesabu yote ilikuwa palepale. Xfce huja na nafasi 4 za kazi, mfano wa vyumba 4, na Ctrl+F1 mpaka Ctrl+F4 ndizo funguo zake. Nilikuwa nimejihamisha chumba cha pili, kisicho na kitu. Xfce hudaka vitufe hivyo kabla ya programu yoyote, kwa hiyo Calc haikujua hata kama nimeiita. Ctrl+F1 ingenirudisha. Ukitaka kuzifuta funguo hizo, ingia kwenye mipangilio ya madirisha, sehemu ya kibodi. Mimi nilizifuta kwenye mashine zote, kisha nikagundua hata kuzungusha gurudumu la kipanya juu ya mandhari tupu hukuhamisha chumba vilevile. Hiyo nayo nikaizima.

Skrini ikiwa nyeusi na kukudai jina la mtumiaji, huenda umegusa Ctrl+Alt na moja ya vitufe vya F. Kwetu, Ctrl+Alt+F7 hurudisha picha. Kwenye Debian au Ubuntu (Linux nyingine) yenye GNOME, eneokazi jingine badala ya Xfce, jaribu Ctrl+Alt+F2 au Ctrl+Alt+F1.

Nayo terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikiganda, jiulize kama hukubonyeza Ctrl+S kwa mazoea ya kuhifadhi. Hiyo husimamisha maandishi, desturi iliyobaki tangu enzi za teleprinta. Ctrl+Q huyaachilia. Mimi niliandika stty -ixon, amri inayozima desturi hiyo, ndani ya .bashrc, faili linalosomwa kila terminali inapofunguliwa, na sijasumbuka tena.

Moja nimeiacha makusudi. Ukishika Alt na kuburuta kwa kipanya, dirisha zima linakufuata. Wateja wanaochora hulalamika, maana programu zao nazo huhitaji Alt, na wana haki. Lakini kuna laputopu yetu moja yenye kioo kidogo, madirisha marefu huficha kitufe cha "Sawa" chini ya ukingo. Bila Alt, utakifikiaje?