Samadi ya nguruwe: iache iive kwanza

Miche yangu ya sukuma wiki iliungua ndani ya siku nne. Nilikuwa ndiyo nimeanza kufuga nguruwe hapa Vihiga, na tangu utotoni nilizoea kuona samadi ya ng'ombe ikimwagwa shambani bila shughuli nyingi. Basi nikatoa ya nguruwe bandani asubuhi, nikaitia kwenye mashimo, jioni nikapanda. Majani yakakauka kuanzia ukingoni. Nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa ya kahawia, imenywea kama uzi uliopitishwa motoni.

Samadi ya nguruwe ni kali. Ina naitrojeni nyingi inayogeuka upesi kuwa amonia, ile harufu inayochoma macho ukiinama bandani. Ina fosforasi pia, na kwetu Magharibi hiyo ni mali kubwa, maana udongo wetu mwekundu una asidi na huing'ang'ania fosforasi hadi mahindi machanga yanatoka rangi ya zambarau. Ndiyo maana sikuacha kuitumia. Nilijifunza kuiivisha.

Kwa debe moja la samadi naweka madebe mawili au matatu ya vitu vikavu: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu, maranda kutoka kwa fundi seremala. Napanga tabaka juu ya tabaka hadi lundo linifike kiunoni, kisha nalifunika kwa majani ya migomba na karatasi ya nailoni iliyochakaa. Usipofunika, mvua zetu zitaosha rutuba yote ikuachie makapi.

Baada ya siku nne au tano, chomeka fimbo katikati ya lundo, ngoja dakika kumi, uichomoe na kuikamata pale ilipozama. Ikikufanya uiachie, lundo linafanya kazi. Joto likipita nyuzi 55 na kudumu siku kadhaa, mayai ya minyoo na vijidudu vingi hufa. Lakini pembeni hakupati joto hilo, kwa hivyo kila wiki nageuza, cha nje kiingie ndani. Langu huchukua kama miezi mitatu. Nikilianza Desemba, mvua za Machi zinanikuta tayari: mboji nyeusi, iliyopoa, yenye harufu ya udongo wa msituni. Naweka konzi mbili kila shimo la mahindi na kuchanganya na udongo. Chokaa ya shamba usiichanganye na samadi kwenye lundo, kwani hufukuza naitrojeni hewani. Itangulize shambani wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Sasa maji, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Zamani nilikuwa naosha banda kwa ndoo kila asubuhi, na yale maji machafu yakiteremka mtaroni. Shamba letu liko mteremkoni, na chini kuna chemchemi ambayo majirani wanateka. Nilishtuka niliposoma habari za visiwa vidogo vya Pasifiki. Kwenye visiwa vya matumbawe kama vya Tuvalu, maji matamu yamelala mita chache tu chini ya udongo mwembamba wa mchanga, kwa hiyo unachomwaga juu utakinywa. Samoa ya Marekani nako, uchafu wa mabanda uliingia mitoni pamoja na hatari ya leptospirosi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama. Wafugaji wakaanza kujenga mabanda makavu yaliyotandikwa vipande vya mbao. Nami niliacha kuosha, nikatandika maranda. Harufu imepungua, na matandiko yenyewe yakilowa yanaenda moja kwa moja kwenye lundo.

Wateja wangu wa mboga nawaambia wazi ninachotumia. Wako ambao dini yao haiwaruhusu nguruwe, na ni haki yao kujua kabla ya kununua.

Jambo jingine ni samadi ya bure. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya, mwaka 1921, na mpaka leo haina tiba. Binadamu haimdhuru, ila inaweza kumaliza banda zima, na virusi vyake husafiri na kinyesi. Ukisikia boma fulani nguruwe wanakufa, usichukue samadi yao, usiazime wilbaro yao, na ukiwa umepita huko, osha gambuti kwa dawa kabla hujaingia bandani kwako.