Waifai inasuasua? Kabla hujagombana na kampuni, soma hii

Wadau, kila siku mtu analalamika waifai yake inasuasua na lawama zote anawapa kampuni ya intaneti. Kuna siku kweli shida ni wao, ila kwa uzoefu wangu wa nyumba za kupanga hapa Dar mara nyingi mchawi yuko humohumo ndani au kwa jirani. Kumjua ni rahisi tu, chomeka laptop kwa waya moja kwa moja kwenye rauta upime spidi, kama kwa waya inakimbia na kwa waifai inatambaa basi usimpigie mtu simu.

Majirani ndo balaa lenyewe. Hapa Sinza ukifungua waifai kwenye simu majina yanashuka mpaka kidole kinachoka, na karibu wote tumebanana kwenye masafa ya 2.4 GHz ambako chaneli (njia ambazo rauta zinapitishia mawimbi yake) zisizogongana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Mi nimeliona hili live kipindi cha mgao, rauta yangu ina kibetri chake, sasa umeme ukikatika mtaa mzima waifai inakuwa nyepesi ghafla kwa sababu rauta za watu zimezima, ukirudi tu mtaa unashangilia na video yangu inaanza kuzunguka (Mungu anisamehe, kuna siku nilitamani usirudi).

Cha kufanya, pakua WiFi Analyzer kama unatumia Android, uone chaneli ipi imejaa, halafu ingia kwenye mipangilio ya rauta kupitia brauza, anwani imeandikwa kwenye stika kule chini, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uchague yenye nafuu kati ya zile tatu. Usijifanye mjanja ukaweka 3 au 4, hapo unagongana na wa huku na wa kule. Upana wa chaneli weka 20 MHz. Kama rauta ina masafa ya 5 GHz pia, TV na laptop za karibu zihamishie huko, kuna nafasi, ila ukuta wa bloku unaichosha mapema na chumba cha uani usiitegemee.

Maikrowevu nayo inafanya kazi kwenye 2.45 GHz hivi, kwa hiyo mtu akipasha wali wako wa jana simu ya video inakatakata, lakini ni dakika mbili tatu, mi wala sihangaiki nayo. Inayosumbua kimyakimya ni diski ya nje ya USB 3, ikikaa jirani na rauta au laptop inatoa kelele kwenye masafa yaleyale, isogeze na waya mrefu kidogo.

Halafu mafundi wakija kufunga wanaitupia rauta nyuma ya TV kisa soketi iko pale. Chuma cha TV, friji, kioo cha kabati, simtanki lenye maji, slabu yenye nondo, vyote vinakula signo. Itundike juu katikati ya nyumba, na ukipima tena pima ukiwa pale kitandani unapotumiaga, sio umeikumbatia rauta.