Kidude cha Kijapani kwenye dashibodi hakikuokoi na tochi

Ukiagiza gari used kutoka Japani, huenda ukakuta kidude cha kumwonya dereva kuhusu kamera za kasi kimebandikwa juu ya dashibodi, kina kioo kidogo na sauti ya dada anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari. Changu nilikaa nacho miezi minne nikiamini kitaniambia ilipo tochi, yaani kile kipima kasi cha trafiki. Siku moja nimetoka Chalinze naelekea Morogoro, kidude kimya, mguu mzito. Trafiki akanipungia: 71 kwenye kibao cha 50. Shilingi 30,000 zikaenda.

Ndipo nikakaa kitako nikielewe. Kidude hiki hakioni kamera. Kinapokea mawimbi ya setilaiti za GPS, zilizo juu yetu kilomita 20,200 hivi. Kikishika nne au zaidi, kinajua kilipo, kinakoelekea na kasi yake. Halafu kinalinganisha mahali hapo na orodha ya kamera iliyohifadhiwa ndani yake. Ukiwa unaiendea mojawapo, kinalia. Orodha ya changu ilikuwa ya Japani tupu, sasa Chalinze kingelilia nini?

Vingine vinanasa pia mawimbi ya rada, yale yanayotumwa na baadhi ya vipima kasi. Changu kilikuwa hivyo, maana kilipiga kelele kila nikipita karibu na maduka yenye milango inayojifungua yenyewe, ambayo mingi nayo hutumia rada! Kwa tochi ya mkononi haisaidii sana: trafiki akishakulenga, kidude kinapolia, kasi yako imeshasomwa.

Kwa hiyo fundi akitaka hela akuwekee "ramani ya Bongo", muulize kamera zipi ziko humo. Trafiki wetu leo yuko chini ya mwembe, kesho yuko kilomita mbili mbele. Rwanda, kwenye kamera za kando ya barabara wanazoziita Sofia, orodha ina maana zaidi, ilimradi isasishwe. (Ujerumani dereva haruhusiwi hata kukitumia.)

Changu sikukitupa. Mita za magari hutengenezwa zisome juu kidogo ya kasi halisi, lakini mimi nilifunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, hesabu ikageuka: mshale ukisema 50, kidude kinasema 52. Setilaiti hazijali tairi. Siku hizi nikiona kibao cha 50 nafuata namba ya kidude, nashika 47. Yule dada nimemzima sauti.