Kumhudumia mkimbiaji wa Badwater: jibu kwa dada wa Iringa

Dada umesema mdogo wako aliyeko Marekani kapata nafasi Badwater 135, mbio ndefu za miguu zinazokatiza bonde la joto la Death Valley, California, mwezi Julai, kakuomba uwe kwenye timu yake ya gari, na mbio pekee unazozijua wewe ni za Mwenge. Unataka kujua utaenda kufanya nini na ujiandaeje. Nilipokuwa naishi California niliwahi kukaa kwenye gari la mkimbiaji wa mbio hizo. Sasa nimerudi Uyole, nakujibu kwa niliyoyaona.

Wadau waliokuambia "muombee tu, mengine atajijua" nadhani wanachanganya na Marathon des Sables ya Moroko. Kule ni karibu kilomita 250 kwa siku kadhaa, mkimbiaji anabeba chakula chake mgongoni, waandaaji wanampa maji na hema, ndugu wanabaki kutuma salamu. Badwater hakuna meza za maji njiani. Gari lenu ndilo jiko, ndilo duka la barafu, ndiyo zahanati. Bila timu haanzi.

Njia ni kilomita 217, kikomo saa 48, bila mapumziko rasmi. Wanaanzia Badwater Basin, kama mita 85 chini ya usawa wa bahari, wanamalizia Whitney Portal, juu ya mita 2,500, karibu na urefu wa uwanda wa Kitulo. Kwa hiyo beba na koti. Mle bondeni, Furnace Creek, ndipo ilipoandikwa rekodi ya joto ya dunia, nyuzi 56.7, Julai 1913. Wanaanza usiku, lakini usiku wenyewe unaweza kuwa juu ya nyuzi 30, na upepo wake ni kama wa kufungua tanuri la mkate.

Kazi yako kubwa ni kufikiri kwa niaba yake. Akishakimbia usiku kucha na jua likampata kwenye mlima, kichwa chake hakina kazi tena. Ukimuuliza "nikupe nini?" atajibu hataki kitu, na hapo ndipo anapoharibika. Usiulize. Mpe kikombe, mwambie anywe, mwambie gari litamsubiri wapi, mwache aende. Chukua daftari. Kila anapopita andika saa, amekunywa kiasi gani, amekula nini, amepata chumvi kiasi gani, amekojoa au la. Baada ya saa 20 hakuna kati yenu atakayekumbuka, na mtaanza kubishana. Daftari halibishani.

Sasa suala la maji, maana humu jukwaani kila mtu kashauri "anywe maji mengi". Hapana. Akinywa maji matupu kuliko anachopoteza, chumvi ya damu inachujuka, na hilo linaua kama joto linavyoua. Mpime uzito kabla ya kuanza, mrudie kumpima njiani. Kupungua kidogo ni kawaida. Ukiona ameongezeka, vidole vimevimba hadi pete inabana, ana kichefuchefu na anaongea hovyo, usimuongezee maji, ita madaktari wa mbio. Na msimtundikie dripu wenyewe, dripu inamtoa mashindanoni. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo usipime kwa kuangalia shati limelowa kiasi gani. Angalia chokaa ya chumvi kwenye nguo.

Tumbo likigoma vitu vitamu, na litagoma, viazi mviringo vya kuchemsha vilivyochovywa kwenye chumvi vinapita pale ambapo vijiti vya nishati vya bei mbaya vinatapikwa. Usiku mpe supu ya moto. Viazi kule vinauzwa, usibebe vya Njombe.

Barafu wekeni madeli mawili, moja la kunywa, moja la kumpoza, maana mikono yenu itakuwa michafu. Kwa kumpoza, kanga ni bora kuliko vitambaa maalumu vinavyouzwa: ikunje, jaza barafu, mfunge shingoni. Angalia tu maji yasimchuruzikie hadi kwenye viatu. Ngozi ikilowa inalainika, malengelenge yanaanza, na miguu ikiharibika inaweza kumtoa mtu mbioni kama jua linavyomtoa. Awe na viatu vikubwa kuliko saizi yake kwa sababu miguu itavimba. Jifunze mapema kutoboa lengelenge kwa sindano safi bila kubandua ngozi, kisha kufunga plasta isiyo na mkunjo. Fanyia mazoezi mguu wa mtu yeyote hapo nyumbani.

Akianza kuyumba, kuongea yasiyoeleweka, au akawa mkali bila sababu na mwili unawaka, mpozeni hapo hapo kwa barafu na maji huku mkiita msaada. Kumpakia garini kwanza ni kupoteza dakika.

Mengine yamo kwenye kanuni, zisome zote. Mkimbiaji anakaa kushoto mwa barabara akitazama magari, gari linapaki nje kabisa ya lami, mavazi yanayoakisi mwanga hayavuliwi, na wa kumsindikiza kwa miguu anaruhusiwa kuanzia Stovepipe Wells, kituo kidogo cha njiani, akikaa nyuma yake. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo wewe mgeni usishike usukani. Kaa na daftari na barafu.

Kujiandaa ukiwa Iringa: Juni na Julai ni kipupwe, mwili wako hautajua joto. Fika siku kadhaa kabla, mwili uzoee. Kabla ya hapo teremkeni Mtera, kule bwawani kwenye joto, na ndugu au rafiki anayekimbia, mkae naye barabarani tangu asubuhi hadi usiku, mkimhudumia kutoka garini. Utagundua haraka nani anakasirika kwa njaa na nani hajui kufungua deli gizani. Mlima Kitonga usithubutu, malori yale hayana simile.

La mwisho ni usingizi wenu. Pangeni zamu kabla ya kuanza, wawili wanahudumu, wengine wanalala kweli, simu zimezimwa. Atakayeendesha kutoka Whitney Portal awe ndiye aliyetoka kulala karibuni. Kama hayupo, lalani Lone Pine, ni mji wa mwisho njiani kabla ya ule mlima. Lakini wekeni vyumba mapema, maana wiki hiyo vinajaa.