MS na kibofu: pima kwanza, dawa baadaye

Ugonjwa wa MS, yaani maltipo sklerosisi, hula utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, hivyo amri kati ya ubongo na kibofu hufika zimekatikakatika. Wengi wenye MS hupata shida ya mkojo wakati fulani. Kliniki wataulizwa habari za miguu na macho, na huku wameshaacha kwenda msibani na harusini kwa kuogopa kulowa mbele za watu.

Kosa kubwa ni kujinyima maji. Mkojo ukikolea huchokoza kibofu, choo kikubwa huwa kigumu na kukibana zaidi, na maambukizi hupata mwanya. Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kidogo kidogo, kisha punguza saa 2 au 3 kabla ya kulala. Chai na kahawa ziache wiki mbili uone tofauti.

Tafuta jagi la kupimia na daftari, andika kwa siku 3: "Saa 11 alfajiri, mililita 90, nilikimbia. Saa 12 na nusu, mililita 60, nimelowa." Kibofu cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500, kwa hiyo vijikojo kama hivyo vina maana moja kati ya mbili: kibofu kinajikaza ovyo, au hakimalizi mkojo na kinajaa tena upesi. Kwa mgonjwa mwenyewe hali hizo hufanana mno, na wengine wanazo zote mbili. Vidonge vya kutuliza kibofu, kama oksibutinini na solifenasini, humsaidia wa kwanza. Kwa wa pili vinaweza kuongeza mkojo unaobaki. Ndiyo maana tunasisitiza: omba ultrasaundi mara tu baada ya kukojoa. Mabaki yakizidi mililita 100, mara nyingi mgonjwa hufundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba (katheta) unaopitishwa kwenye tundu la mkojo: nawa kwa sabuni, upake mpira kilainishi, usukume taratibu bila nguvu, subiri mkojo uishe ndipo uuchomoe polepole. Mkono ukitetemeka au macho yakiwa hafifu, mwenzi aliye tayari afundishwe pia.

Usiku ndio unaomaliza watu. Anayeamka mara nne hashindi vizuri kesho yake, na uchovu wa MS tayari unamtosha. Tena akikimbilia choo gizani na miguu mizito, ataanguka. Ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda na taa ndogo si aibu hata kidogo. Miguu ikivimba, iinue juu ya mto alasiri ili maji yaliyojaa miguuni yatoke kwa mkojo kabla ya kulala.

Miguu ikilegea ghafla, hasa kukiwa na homa au mkojo unaonuka, pima mkojo kabla ya kuamini kwamba MS imerudi upya. Maambukizi yenyewe hudhoofisha hivyo, na steroidi, dawa za kutuliza shambulio la MS, zikitolewa yangali hayajatibiwa, yanaweza kukolea.