Kiduha: dawa ya kabla ya kupanda haiifikii mbegu

Swali: Nalima mahindi ekari mbili Kwimba. Kiduha, gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, kinajaa kila mwaka, mahindi yanadumaa kama yaliyokosa mvua. Napalilia mara mbili. Muuza pembejeo anasema nipulizie glaifosati, dawa ya kuua magugu, kabla ya kupanda, nami nitakuwa nimekimaliza. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu mkulima, na hela hiyo usiitoe. Glaifosati huingilia kwenye majani mabichi. Ikianguka ardhini hushikwa na udongo ikaishiwa nguvu. Kabla ya kupanda, kiduha hakina hata jani moja. Kiko ardhini kama mbegu, ndogo mithili ya vumbi, na huweza kulala humo miaka 10 na zaidi mpaka mzizi wa mahindi uiamshe. Ushauri huu nausikia kila msimu, na kila msimu kuna watu wanaobaki na deni la dawa na shamba lilelile. Afadhali anayeuza dawa ya 2,4-D: hiyo huua kiduha kilichokwisha kuota, ila wakati huo mahindi yamenyonywa wiki kadhaa chini ya ardhi, na upepo ukiipeleka kwenye pamba ya jirani utaiharibu.

Palizi zako mbili si mbaya, zinaisha mapema tu. Kiduha huanza kutokeza wiki ya tano hadi ya saba hivi, kisha hutoa maua jembe likiwa limeshawekwa. Mmea mmoja huweza kumwaga mbegu zaidi ya 50,000. Kwa hiyo pita kila baada ya siku 10 hadi 14 mpaka uvune, ung'oe kwa mkono kabla hakijachanua. Kilichochanua kitie kwenye gunia ukakichome moto. Ukikitupa mpakani mbegu zitakomaa palepale. Ukiwapa ng'ombe, zitarudi shambani na samadi.

Kung'oa kunazuia mbegu mpya. Zile za zamani zinatakiwa kudanganywa. Pamba, karanga, alizeti na soya huziamsha, lakini kiduha hakiwezi kujishika kwenye mizizi yake, kinakufa. Ekari moja ipe mazao hayo misimu miwili, kisha ubadilishe. Usihamie mtama au uwele ukidhani unaipumzisha ardhi: hayo nayo ni chakula cha kiduha, pamoja na mpunga na miwa. Kwenye ekari ya mahindi, panda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha na kuzizuia zisijishike. Msimu wa kwanza ipalilie kwa uangalifu, inaanza polepole. Weka na samadi iliyooza vizuri, kwa sababu mahindi yenye njaa ya kirutubisho cha fosforasi hutoa mizizini kwa wingi zaidi kemikali inayoamsha kiduha.

Yeyote anayekuahidi kukimaliza kwa msimu mmoja anakudanganya, awe na chupa, unga wa kunyunyiza au kafara ya shamba lililorogwa. Kumwaga chumvi shambani ndiko kubaya kuliko yote: kiduha kitabaki, udongo utaharibika. Ogopa pia mbegu za mahindi za gulioni zilizopurwa kwenye shamba usilolijua, kwani vumbi lake huweza kubeba kiduha. Na plau ya kukodi ikwanguliwe udongo wote kabla haijaingia kwako.